Kubandika mapambo ya fondanti kwenye keki ya krimu ya siagi katika joto la Lamu

Keki nyingi ninazoagizwa hapa Lamu ni za harusi, na karibu kila mteja hutaka mambo mawili kwa pamoja: krimu ya siagi, kwa kuwa wageni huipenda zaidi mdomoni, na mapambo ya fondanti, yaani kinyunya cha sukari kinachosukumwa na kukatwa, kwa kuwa hupendeza machoni na kwenye picha. Vitu hivi viwili havipatani kwa urahisi. Fondanti kwa sehemu kubwa ni sukari, na sukari hunyonya maji popote iyapatapo, yawe ni yale yaliyomo kwenye krimu au yaliyomo katika hewa ya bahari. Krimu nayo ni mafuta, na kitu kizito kikiegemezwa kwenye mafuta laini lazima kiteleze. Kwa hiyo pambo likianguka, kabla ya kutafuta gundi kali zaidi, chunguza kwanza maji yalilifikia wapi na uzito wake ulibebwa na nini.

Hatua ya 1: Tengeneza mapambo mapema na uyakaushe

Maua, herufi na kitu chochote kitakachosimama kinapaswa kuwa kikavu kabla ya keki yenyewe kuokwa. Kanda fondanti pamoja na poda ya CMC (gundi ya unga inayoliwa), kijiko kimoja cha chai kwa kila gramu 250, kisha uifunike kwa muda wa nusu saa ili poda ifanye kazi. Poda hiyo huifanya fondanti ikauke na kuwa ngumu, ambapo ile ya kawaida hubaki laini ndani kwa siku nyingi. Tumia rangi nzito ya jeli na uiepuke ile ya majimaji, kwa sababu kila tone la maji unaloongeza leo utalisubiri likauke kesho.

Yaanike mapambo juu ya sifongo safi ili hewa ipite chini na juu, mbele ya feni inayozunguka polepole. Wakati wa kaskazi ninaridhika na siku mbili, lakini masika yakiingia ninatenga siku nne au tano, na hata hivyo ninayahifadhi kwenye boksi la karatasi, si kwenye mkebe wa plastiki, kwani unyevu ukifungiwa ndani ya mkebe hauna pa kutokea. Usiyaweke kwenye friji kabisa.

Vipande bapa vitakavyozunguka ubavu wa keki ni suala jingine. Nakshi zinazofuata mtindo wa milango ya mji wetu, kwa mfano, ninazikata siku ileile ya kubandika zikiwa bado laini, kwa sababu kipande kilichokauka hakikubali tena kupinda kufuata mviringo.

Hatua ya 2: Imarisha krimu

Siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi kati ya 32 na 35 za selisiasi, na jikoni mwangu mchana wa Machi hali hukaribia hapo. Kwa sababu hiyo ninachanganya gramu 125 za siagi na gramu 125 za mafuta meupe yaliyoganda, ambayo hustahimili joto zaidi, kisha ninaongeza gramu 500 za sukari ya aisingi. Maziwa yasizidi vijiko viwili vya chakula. Wapo wanaotumia mafuta meupe peke yake, na keki zao hazianguki, lakini ladha huwa imepotea, na mimi siwezi kumpelekea bibi harusi keki isiyokuwa na ladha ya siagi.

Hatua ya 3: Subiri utando

Krimu yenye sukari nyingi kiasi hicho hufanya utando mwembamba juu yake baada ya dakika 20 hadi 30. Iguse kwa karatasi ya jikoni: karatasi ikitoka safi, utando umeshika. Vipande laini na vyepesi unaweza kuvibandika kabla ya utando, na vitashika vyenyewe kwa kubonyezwa kidogo. Mapambo yaliyokauka, na yale yenye rangi kali kama nyekundu na nyeusi, yasubiri utando, maana rangi hizo huchuja haraka zikigusana na krimu mbichi na kuacha doa ambalo halifutiki.

Hatua ya 4: Bandika

Anza kwa kufuta wanga wa mahindi ulioutumia wakati wa kusukuma fondanti. Tumia brashi kavu na ufute hasa upande wa nyuma, kwa kuwa vumbi hilo ndilo linalozuia kipande kushika.

Kwa kipande bapa chenye unene wa milimita 2 au 3, weka nukta za krimu mbichi nyuma, moja katikati na nyingine pembeni, kisha ukibonyeze kwa kiganja kizima hadi uhisi kimetulia. Ukibonyeza kwa ncha za vidole utaacha mashimo. Anza safu ya chini inayokaa kwenye ubao wa keki, halafu upande juu, ili kila kipande kiegemee kilicho chini yake.

Tafadhali usitumie maji. Wengi wetu tulifundishwa kupaka maji kwa brashi, na njia hiyo hufaa fondanti inapobandikwa juu ya fondanti, ambapo sukari hukutana na sukari. Juu ya krimu, maji hayana cha kushika, hivyo huyeyusha mgongo wa pambo na kuugeuza kuwa shira. Niliwahi kuibandika kwa maji keki ya ghorofa tatu iliyokuwa ikipelekwa Shela kwa boti. Tuliposhuka gatini, asumini zote za ubavu mmoja zilikuwa zimeteremka na kurundikana chini, kila moja ikiwa imeacha mfereji unaong'aa kwenye krimu. Mama wa bibi harusi hakusema neno. Nilikaa naye uani saa nzima nikikwangua na kupaka upya, na tangu siku hiyo brashi ya maji haikaribii krimu yangu.

Kwa maua yaliyokauka gundi bora ni chokoleti nyeupe iliyoyeyushwa. Chukua ua la asumini kwa kibano, chovya kitako chake tu, lishikilie juu ya krimu ukihesabu hadi 20, ndipo uachie. Chokoleti ikiganda hufanya kazi mbili: hushika, na huzuia unyevu wa krimu usipande kwenye petali. Ikiwa keki itakaa usiku kucha, ninapaka mgongo wote wa pambo chokoleti nyembamba na kuiacha igande kabla ya kubandika.

Hatua ya 5: Kipe kizito mhimili

Hakuna gundi itakayokibeba kitu kizito. Mteja akiomba siwa (baragumu kubwa la sherehe) ya fondanti isimame juu ya keki, ninaijenga kuzunguka kijiti cha mshikaki kilichopakwa mafuta kidogo, nikiacha sentimita 8 za kijiti zitokeze chini, na ninaiacha ikauke wiki nzima. Ndani ya keki ninachomeka mrija mnene, kisha kijiti kinaingia humo. Maua yenye waya nayo hutumia mrija, kwa sababu waya hautakiwi kugusa chakula. Sanamu pana huhitaji mirija mitatu iliyokatwa sawa na kimo cha keki, na juu yake kibao chembamba.

Hatua ya 6: Friji na safari

Keki iliyotoka kwenye friji hutokwa na jasho katika hewa yetu, na jasho hilo huilowesha fondanti. Njia ninayoipendelea ni kuipoza keki ikiwa na krimu peke yake ndani ya boksi lililofungwa, kuitoa, kuiacha humohumo kwenye boksi hadi ilingane na joto la chumba ili jasho libaki nje ya boksi, na hapo ndipo ninapobandika. Pambo likilowa kwa bahati mbaya, usiliguse. Washa feni ulisubiri likauke.

Mkokoteni hutikisika sana kwenye vichochoro vyetu, kwa hiyo ninaajiri vijana wawili waibebe keki mikononi hadi gatini. Siwa na maua makubwa husafiri kwenye boksi lao, na ninayachomeka mezani nikishafika. Pamoja nayo ninabeba kikopo cha krimu, chokoleti kidogo na kibano.

Kabla ya kuondoka, ninamtajia mwenye shughuli idadi ya vijiti na mirija iliyomo ndani ya keki, na anayekata huvitoa vyote na kuvihesabu kabla kipande cha kwanza hakijamfikia mtoto.