Kipindi cha michezo kitengo maalumu: kitambaa na vizibo badala ya filimbi

Mwalimu wa kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, filimbi iache ofisini. Watoto wengi wenye usonji huziba masikio ikilia, na hapo kipindi umeshakipoteza. Badala yake inua kitambaa, rangi ileile kila siku.

Chora kwa chokaa vituo 4, si zaidi: kuruka mistari, kutembea juu ya kamba iliyolazwa chini, kutupia mpira wa soksi kwenye ndoo, kusukuma tairi. Kila kituo kiwe na makopo mawili, moja lina vizibo 5 vya soda. Akifanya mara moja, anahamisha kizibo kimoja. Kopo likibaki tupu, anahama. "Bado kidogo" haimwambii kitu. Kopo tupu analiona.

Sema maneno mawili tu, "ruka hapa", kisha hesabu moyoni hadi 10. Ukirudia upesi, unamkatiza akiwa bado analifanyia kazi neno la kwanza, anaanza upya, nawe unamwita mkaidi!

Ukitaka kubadilisha, badilisha kituo kimoja kwa wakati. Na mwenye sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa nayo) asipinduke kichwangomba kabla daktari hajamwangalia shingo: viungo vya juu vya shingo yake vinaweza kuwa vimelegea.