Ribriza au mtungi wa kawaida?

Kama unazamia kwa starehe tu, tuseme Mnemba au Mafia, usikimbilie ribriza, ile mashine inayozungusha pumzi yako, ikanyonya kabonidaioksaidi kwa chokaa na kukuongezea oksijeni. Kweli haitoi mapovu, samaki hawakukimbii. Mpiga picha namwelewa. Lakini mtungi wa kawaida ukileta shida utajua: hewa inakuwa nzito kuvuta, au mapovu yanafoka. Kwenye ribriza oksijeni ikipungua huhisi kitu, unazimika tu. Maji nayo yakifika kwenye chokaa, yanakurudia mdomoni yakiunguza.

Halafu mtungi wa lita 12 uliojazwa hewa kwa presha ya bar 200, kina cha mita 18, ukipumua taratibu unapata kama dakika 40 na akiba inabaki. Boti yenyewe inakusubiri muda gani?