Kabla hujasimama kusoma Kiingereza mbele ya watu, au hujabonyeza kutuma

Kwanza, sahau mazoea ya Kiswahili ya kusoma neno kama lilivyoandikwa. Kiingereza hakina adabu hiyo. Mchapaji William Caxton alianza kuchapa vitabu Westminster, Uingereza, mwaka 1476, na tahajia ikaanza kuganda huku matamshi ya irabu yakiendelea kuhama. Ndiyo maana "though", "through" na "tough" ni ndugu kwenye karatasi, lakini mdomoni ni dho, thruu na taf. Hapo usitafute kanuni, kariri tu.

Angalia mkazo. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri, na Kiingereza hakitusamehi. "Desert" ikikazwa mwanzo ni jangwa. Ikikazwa mwisho ni kutelekeza, na hapo husikika sawasawa na "dessert", kitamutamu cha baada ya mlo. "Record" hali kadhalika: nomino hukazwa mwanzo, kitenzi mwisho. Kama una hotuba, pigia mstari silabi ya kukaza. Usiniambie utakumbuka.

Tenganisha s na z. "Loose", kulegea, huishia na s. "Lose", kupoteza, huishia na z ijapokuwa hakuna z popote.

"Principal" ni mkuu, "principle" ni kanuni. Hutamkwa sawa, kwa hiyo hapo kazi ni ya jicho.

Sasa kistari. Hiki msikidharau. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa ukingoni, bosi akaniuliza kwa barua pepe kama nitaendelea. Nikajibu mbio mbio, kwa furaha, kwamba niko tayari "to resign". Kichwani nilikuwa naandika kusaini upya. Neno hilo lipo, ila linadai kistari: "re-sign", hutamkwa rii-sain. Kistari kikidondoka linakuwa rizain, kujiuzulu. Programu ya kusahihisha tahajia haikunung'unika, maana neno ni halali kabisa.

Siku mbili kimya. Ya tatu nikaletewa shukrani kwa utumishi wangu na swali: siku yako ya mwisho ni lini? Nilicheka, nikidhani wamekosea wao. Kupiga simu, kumbe anatafutwa mtu wa nafasi yangu! Nikaisahihisha barua, nikaituma upya, na juu yake nikaandika "I resent my letter". Nayo ilidai kistari: "re-sent", nimetuma tena. Bila kistari nilikuwa nimesema naichukia barua yangu, jambo ambalo kufikia saa hiyo lilikuwa kweli tupu. Kazi ilibaki, lakini wenzangu walinisalimia kwa "leo hujajiuzulu?" miezi kadhaa.

Kwa hiyo isome barua kwa sauti kabla ya kuituma. Ukiona neno linakutia shaka, tumia jingine. Hakuna aliyekulazimisha kuandika "re-sign" wakati "renew" ipo. Sikiliza matamshi kwenye kamusi yenye sauti, na usimwige mtu kwa sababu tu anaongea haraka. "Lead" ya kuongoza ni liid, ya madini ya risasi ni led. "Tear" ya machozi si ya kuchana. Na majina ya miji usiyaguse kabla ya kuuliza: Leicester husomwa Lesta, na Worcester, usishangae, ni Wusta.