Kununua Noah Mkononi Hapa Dodoma: Ninavyoikagua Kabla Mteja Hajatoa Hela

Wateja wengi hunipigia simu wakiwa wameshakubaliana bei. "Fundi, nimepata Noah safi, njoo uiangalie mara moja nilipie." Njiani wananiuliza swali ninalolisikia karibu kila wiki: hivi Noah ni gari la kuaminika? Au nichukue Voxy?

Noah na Voxy, zote za Toyota, ni ndugu, na zimestahili sifa zake. Vipuri vyake havisumbui kupatikana, na mafundi kuanzia Kizota hadi Nzuguni wameshazifungua mara nyingi. Lakini wewe hununui sifa. Unanunua gari moja, lenye namba moja ya chesisi, lililoishi miaka 15 au 20 mikononi mwa watu usiowajua. Ukaguzi ni kuyatafuta maisha hayo. Naeleza hapa ninavyofanya mimi, kwa mpangilio uleule ninaoufuata nikiwa na mteja.

Hatua ya 1: Jua ni Noah ipi na inaumwa nini kwa kawaida

Ile ya zamani, Town Ace Noah, ilitoka mwaka 1996. Injini yake iko chini ya siti za mbele na inasukuma matairi ya nyuma. Ikiwa ni ya petroli yenye injini ya 3S, inatumia taiming belti, na belti hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Muuzaji asipojua ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijabadilishwa.

Iliyofuata ni ya 2001 hadi 2007, chesisi inayoanza na AZR60 au AZR65. Injini ni 1AZ ya D-4, yaani petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Inatumia cheni, hilo ni jema. Ubaya wake ni miwili. Petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo masizi yanajikusanya pale na injini inaanza kutetemeka gari likiwa limesimama. Halafu pampu yake ya presha kubwa haipendi mafuta machafu. Gari lililokuwa likijaziwa petroli ya vidumu vijijini ukae nalo macho. Injini hizi za AZ zikichemka sana, nyuzi zinazoshika bolti za silinda hedi hulegea ndani ya bloku, hasa upande wa nyuma, na hapo gasketi mpya peke yake haitibu.

Ya tatu ni ya 2007 hadi 2014, ZRR70, injini ya 3ZR. Kama mfuko unaruhusu, hii ndiyo ninayowashauri watu wa familia, mradi gia boksi yake ya CVT, ile otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za kupanda hatua kwa hatua, iwe nzima. Nitairudia CVT.

Hatua ya 2: Hesabu kilomita kwa kazi, usisome saa tu

Saa ya kilomita inarudishwa nyuma kirahisi. Mimi nauliza gari lilikuwa linafanya kazi gani, kisha napiga hesabu mwenyewe.

Mtumishi anayeishi Dodoma na kwenda Dar kuona familia mara moja kwa mwezi, kwenda na kurudi ni kama kilomita 900. Kwa mwaka inakaribia 11,000, bado hujaweka mizunguko ya ofisi za Serikali kule Mtumba na sokoni. Sasa chukua Noah iliyokuwa ikibeba abiria Dodoma na Kondoa. Njia ni kama kilomita 160, akienda na kurudi mara moja kwa siku ni 320. Siku 25 za kazi ni 8,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mmoja gari hilo limekula kilomita zaidi ya 90,000. Ukioneshwa Noah ya 2003, namba ya usajili ya kundi la D, saa inasoma 98,000, na kuna dalili kwamba ilibeba abiria, hesabu yenyewe inakukatalia.

Dalili hizo hazipo kwenye kibao. Kibao cheupe cha biashara kinabadilishwa kuwa cha njano na gari linaitwa la mtu binafsi. Tazama ngazi ya mlango wa kuslaidi upande wa kushoto, pale abiria wanapokanyaga. Kwa gari la familia rangi ya pale imechubuka kidogo. Kwa gari la abiria plastiki imelika hadi imekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Kisha nyanyua kapeti katikati ya siti ya pili na ya tatu. Ukikuta matundu ya bolti yasiyo na bolti, au alama ya kuchomelea, kulikuwa na siti ya kuongeza.

Muuzaji akiwa na karatasi za Japani, ziombe. Cheti cha kusafirishia gari nje mara nyingi kina kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule. Karatasi ya mnada ikiwa na daraja la R au RA, gari lilipata ajali likatengenezwa. Halimaanishi ukimbie. Linamaanisha bei ishuke na chesisi itazamwe mara mbili.

Hatua ya 3: Likute likiwa la baridi

Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, na nina sababu.

Kuna mwalimu mmoja wa Kongwa alinileta kukagua Noah ya AZR60. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, baridi ya Dodoma unaijua. Tulipofika injini ilikuwa inaunguruma tayari. "Nimeiwasha fundi, isikucheleweshe," muuzaji akasema. Nikatazama tangi dogo la kulanti, yaani maji ya kupozea injini: kijani kibichi, safi kabisa. Injini imetulia. Nikalipitisha gari. Wiki ya tatu mwalimu akachemsha kwenye vilima vya Gairo, usiku, na mke na watoto watatu ndani. Tulipoifungua, rejeta ilikuwa imeziba kwa chumvi nyeupe, thamostati, ile valvu inayoruhusu maji kupita injini ikishapata moto, haikuwepo, na feni ilikuwa imeungwa direkti ili izunguke muda wote. Ile kulanti ya kijani iliwekwa asubuhi ileile. Mwalimu hakunigombeza. Aliniambia tu, "Fundi, watoto walilala barabarani." Nilimrudishia hela yangu ya ukaguzi na hedi niliifunga bila kumtoza ufundi. Tangu siku hiyo sikagui gari la moto.

Kwa hiyo mwambie muuzaji usiku uliotangulia: naomba usiiwashe mpaka nifike. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya vuguvugu, omba mrudiane jioni. Muuzaji mkweli atakuelewa.

Likiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. Usiangalie rangi ya maji. Ingiza kidole chini ya mdomo wa rejeta na ukizungushe. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, kila mwenye birika nyumbani anayaona yale magamba meupe. Maji hayohayo watu wanayajaza kwenye rejeta miaka nenda rudi. Ukigusa ukuta unaokwaruza kama msasa, mweupe, hiyo ni chumvi, na ndani ya mirija hali ni mbaya kuliko hapo. Kidole kikitoka na rangi ya udongo mwekundu, ni kutu. Kikitoka na utelezi wa mafuta, acha gari. Kulanti mpya juu ya mdomo wenye magamba ina maana moja: imewekwa kwa ajili yako.

Mfuniko ukiwa bado wazi, mwombe muuzaji awashe. Kwa Noah za kuanzia 2001, AC ikiwa imezimwa, feni haitakiwi kuzunguka injini ikiwa baridi. Ikianza kuvuma papo hapo, uliza ni nani aliyeiunga direkti na kwa nini. Simama dakika tano ukitazama maji. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa. Mapovu yanayoendelea kama chungu cha uji ni moshi wa silinda unaopita kwenye gasketi.

Mengine ni ya haraka. Fungua mfuniko wa oili, ukikuta utando kama maziwa mgando, kuna maji ndani. Chomoa kijiti cha oili utazame kiwango na uchafu. Mwangalie moshi wa mwanzo: wa bluu unaoendelea ni oili inaungua, mweupe mzito wenye harufu tamu ni kulanti inaungua. Mvuke mwembamba wa asubuhi ni wa kawaida.

Hatua ya 4: Bodi na ndani

Rangi inayong'aa haiambii mtu kitu. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa, iguse kila paneli. Pasipovuta pamejaa puti. Tazama bolti za fenda na boneti kama zimeshawahi kupigwa spana, kisha lala chini utazame chesisi kama ina mkunjo au weldi mpya.

Vuta kila mkanda wa siti hadi mwisho kabisa. Watu huosha siti na kapeti, ila mkanda uliojikunja ndani ya kava hakuna anayeukumbuka. Nimewahi kuvuta mkanda wa siti ya tatu ukatoka na mstari wa tope kavu, ulionyooka kama umepigwa rula. Gari hilo lilikaa kwenye maji. Waya zake zingemsumbua mnunuzi maisha yake yote.

Mlango wa kuslaidi ufungue na kuufunga mara kumi, kwa mkono na kwa swichi kama ni wa umeme. Vumbi letu linaingia kwenye reli, roli zinalika na mota inazidiwa. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni na mizigo mkononi mlango huo ni kitu cha kila siku, na kuutengeneza si bei ndogo. Washa pia AC ya nyuma. Watoto wanakaa nyuma, na mchana wa mwezi wa kumi hapa si mchezo.

Tairi zina namba nne za tarehe. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zilizolika upande mmoja zinakupeleka moja kwa moja kwenye bushi, boljointi na shokapu.

Hatua ya 5: Endesha, na uendeshe kwa muda

Dakika 40, si kuzunguka yadi. Mimi huanzia mjini kwenye foleni, napandisha barabara ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha natoka njia ya Morogoro hadi kupita Ihumwa. Mchana, AC ikiwa imewashwa, na watu wanne ndani kama inawezekana. Gari la familia likaguliwe na uzito wa familia.

CVT haigongi gia kama gia boksi ya kawaida, ndiyo maana ikiumwa watu hawagundui. Ukitia D au R, isikawie zaidi ya sekunde moja au mbili. Ukiwa kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, kanyaga mafuta taratibu: kama gari linatetemeka kama linapita kwenye bati la mawimbi na barabara ni lami, mkanda wa ndani au oili yake ina tatizo. Mlio wa kuvuma unaopanda na spidi ni ugonjwa pia. Rudia yote gari likishapata moto, maana CVT mbovu huwa nzuri asubuhi. Muulize muuzaji iliwekwa oili gani mara ya mwisho. Akijibu ATF ya kawaida, yaani oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida, mimi nashauri mteja aachane nayo hata kama leo inatembea vizuri. CVT ina oili yake.

Kwenye barabara ya vumbi, zima redio, fungua madirisha, sikiliza chini.

Hatua ya 6: Mashine

Mashine ni ile ya kusoma kompyuta ya gari. Kabla ya kuiunga, weka swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime gari likiwaka. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeiziba. Kwenye mashine soma joto la injini wakati mnaendesha. Thamostati hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kwa hiyo injini isiyo na tatizo hutulia kati ya 85 na 95. Ikishuka hadi 60 na kitu ukiwa kwenye lami, thamostati imetolewa. Ikipanda kila mnapokuta mlima, injini haipozwi vizuri; kumbuka vilima vya Gairo.

Hatua ya 7: Karatasi

Kadi halisi, si kopi. Jina kwenye kadi na kitambulisho cha anayeuza vifanane. Namba ya chesisi isomwe kwenye gari lenyewe, herufi kwa herufi. Angalia madeni ya faini za usalama barabarani kwa namba ya gari, maana yanajikusanya. Ukiambiwa kadi "iko kwa ndugu", mara nyingi iko kwa mkopeshaji. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, hela ipite benki, na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike mara moja. Dalali anayekuharakisha mwache aende na haraka yake.

Kuhusu bei

Naandika kila kasoro kwenye karatasi, pembeni bei ya kipuri na ufundi, kisha mteja anakaa na muuzaji wakiwa na karatasi hiyo. Shokapu, tairi, mota ya mlango, sensa, hivyo vinazungumzika. Gasketi iliyopitisha, CVT inayotetemeka, chesisi iliyokatwa na kadi isiyoonekana havizungumziki kwangu, hata bei ishuke vipi.

Gari likipita, tenga sehemu kama ya kumi ya bei yake kwa kazi ya wiki ya kwanza: oili ya injini na filta, oili ya CVT, plagi, belti za nje, kusafisha rejeta na kuweka kulanti yenyewe iliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi. Thamostati kama haipo, irudishwe. Mwalimu wa Kongwa bado anayo Noah yake, na kwenye buti hubeba dumu la lita tano la kulanti iliyokwishachanganywa.