SOMO: Kucheza gofu kwenye uwanja wa miti, mabwawa na banka (mitego ya mchanga) bila kuharibu kadi yako (mfano Karen, Nairobi)

Wakuu habari za wikiendi. Kuna wadau wamekuwa wakiniuliza jambo lilelile, kwamba uwanja wa mazoezi wanapiga safi kabisa, mpira unaenda wanakotaka, ila wakialikwa kwenye viwanja vya miti mikubwa na mabwawa wanarudi na kadi ya alama imejaa 8 na 9, yaani mikwaju kwa shimo moja. Nimeona niandike somo zima hapa kila mtu asome kwa nafasi yake, halafu maswali nitajibu chini.

Mfano wangu ni Karen Country Club pale Nairobi kwa sababu ndio uwanja ninaoupenda kuliko yote ukanda huu. Klabu ilianza 1937 kwenye ardhi ambayo zamani ilikuwa sehemu ya shamba la kahawa la Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark, mashimo 18, paa (mikwaju anayotarajiwa mchezaji mzuri) ya 72, miti imekomaa, fewei (njia za nyasi fupi kuelekea shimo) za kijani mwaka mzima, maji na mchanga wa kutosha. Kenya Open ya 2019 ilichezwa hapo, Guido Migliozzi akachukua, na 2021 wakacheza mashindano mawili ya European Tour (ligi ya wachezaji wa kulipwa ya Ulaya) mfululizo hapohapo, Justin Harding akashinda Kenya Open na wiki iliyofuata Daniel van Tonder akashinda Savannah Classic kwa mashimo ya ziada baada ya sare. Yaani ni uwanja mzito, ila mtu wa hendikapu 20 (anayezidisha paa kwa kama mikwaju 20) anaucheza na kuufurahia kama akijua anafanya nini.

Jambo moja naomba ulishike kabla hatujaanza: maji na banka ni matatizo mawili tofauti na watu wengi wanayatibu kwa dawa moja. Maji unayashinda kabla hujapiga, kwa kuchagua fimbo na upande. Ukishaingia umeshalipa. Banka unaishinda baada ya kuingia, kwa mbinu, kwa hiyo mtu anayejua kutoka kwenye mchanga hana haja ya kuiogopa. Ndio maana panapo bwawa kushoto na banka kulia mimi nalenga upande wa banka bila kufikiria mara mbili.

HATUA YA 1: Rekebisha namba zako kabla ya kutoka nyumbani

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unasafiri mbali zaidi. Kadiria karibu asilimia 10. Aini 7 (fimbo ya chuma ya umbali wa kati) inayokupa yadi 140 Dar au Mombasa itakupa 150 na kitu Karen. Watu wa pwani wanaifurahia hii kwenye tii (pale unapoanzia shimo) halafu wanaisahau wanapopiga kuelekea grini (nyasi fupi kabisa zenye shimo na bendera), mpira unapita juu ya grini yote unaangukia kusikojulikana. Andika namba mpya kwenye karatasi weka mfukoni. Na kumbuka asubuhi kukiwa na baridi, hasa Juni mpaka Agosti, mpira hauendi mbali kama saa saba mchana, kwa hiyo mashimo ya mwanzo usihesabu hiyo asilimia 10 yote.

HATUA YA 2: Ongea na kedi (mbeba fimbo) wako kabla ya tii ya kwanza

Viwanja vya Kenya unatembea na kedi, na kedi mzuri anajua uwanja kuliko kitabu chochote. Msalimie, mwambie ukweli wa hendikapu yako na umbali wako wa kawaida, sio ule uliowahi kupiga siku moja upepo ukikusukuma. Usimuulize tu "ngapi mpaka bendera", muulize "ngapi kuvuka maji, na ngapi mpaka katikati ya grini". Hizo ndizo namba mbili unazocheza nazo. Bendera ikiwa imewekwa mbele karibu na maji, isahau, piga namba ya katikati.

HATUA YA 3: Kwenye tii, simama upande wenye hatari

Hii watu wanaifanya kinyume. Kama bwawa liko kushoto, chomeka tii yako upande wa KUSHOTO wa tii boksi halafu lenga kulia mwa fewei. Ukisimama hivyo fewei yote inafunguka mbele yako na mpira unaelekea mbali na maji. Ukisimama kulia kwa kuogopa, mwili wako unajikuta umeelekezwa kulekule kwenye bwawa.

Draiva (fimbo ndefu ya kupiga mbali) sio lazima. Tembea mpaka mbele ya tii uangalie bwawa linaanzia wapi, kama linaanza pale mpira wa draiva yako unapotua basi toa fimbo fupi ubaki nyuma yake. Kutoka yadi 160 ukiwa kwenye nyasi ni bora mara kumi kuliko kudondosha mpira kando ya maji ukiwa na mkwaju wa adhabu mgongoni.

HATUA YA 4: Ukiingia majini, tulia ujue haki zako

Hapa ndipo mikwaju inapotea bure kwa sababu mtu amechanganyikiwa, anadondosha mpira popote anapoona panafaa. Angalia rangi ya vigingi vinavyoonyesha mpaka wa maji, yaani eneo la adhabu.

Vigingi vya njano: unaweza kurudi ulikopigia mwanzo, au uchore mstari kutoka kwenye shimo kupitia pale mpira ulipovuka mara ya mwisho ukingo wa eneo la adhabu, halafu urudi nyuma kwenye mstari huo umbali wowote unaotaka. Vigingi vyekundu: una hizo mbili, plus ya tatu, kudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale mpira ulipovuka, bila kusogea karibu na shimo. Zote ni mkwaju mmoja wa adhabu. Unapimia fimbo yako ndefu kuliko zote ukiacha ile ya kusukumia kwenye grini, na unadondosha kutoka kimo cha goti, sio begani kama zamani.

Ile ya kurudi nyuma kwenye mstari watu wanaidharau, ila ndiyo inayookoa. Ukidondosha pembeni ya bwawa mara nyingi unajikuta kwenye mteremko, miguu iko chini ya mpira, unapiga mwingine majini. Rudi nyuma yadi 40, 50, mpaka ufike sehemu tambarare yenye umbali wa fimbo unayoiamini. Adhabu ni ileile.

Na hakikisha mpira kweli umeingia majini. Kama hamna uhakika, yaani huenda uko kwenye rafu (nyasi ndefu za pembeni) au miti, mna dakika 3 za kuutafuta (zilikuwa 5 mpaka sheria zilipobadilika 2019), ukikosekana ni mpira uliopotea, unarudi ulikopigia na mkwaju wa adhabu. Kwa hiyo ukiona kuna uwezekano umepotelea nje ya maji, tangaza mpira wa akiba upige kabla hujaondoka, usije ukarudi mbio huku kundi la nyuma linakusubiri.

HATUA YA 5: Banka ya karibu na grini

Sasa hapa nitakaa kidogo maana ndio roho ya somo. Shika sandi weji yako (weji ni fimbo fupi yenye uso uliolala, hii ni ya mchangani). Fungua uso wa fimbo KWANZA, uangalie juu, ndio ushike mpini. Ukishika kwanza halafu ukageuza mikono, uso utajifunga wakati wa kupiga. Simama umefungua miguu kidogo kuelekea kushoto (kwa anayetumia mkono wa kulia), mpira uwe mbele usawa wa kisigino cha kushoto, zungusha nyayo zako mchangani mpaka zizame kidogo usimame imara, na hapo hapo miguu inakuambia mchanga ni laini au mgumu bila kuvunja sheria. Uzito uegemee mguu wa kushoto na ubaki hukohuko mpaka mwisho.

Mpira wenyewe usiuangalie. Chagua punje ya mchanga kama sentimita 5 nyuma yake, hapo ndipo fimbo inaingia. Mchanga ndio unaoutoa mpira. Halafu usisimame! Kosa la wengi ni kuchoma fimbo mchangani na kuiacha humo, mpira unaruka nusu mita unarudi palepale. Piga mpaka mikono imalizie juu usawa wa bega.

Kama mpira umezama nusu, badilisha: funga uso wa fimbo, inua mikono haraka, shuka kwa ukali nyuma yake tu. Utatoka chini na utakimbia sana kwenye grini, kwa hiyo usitegemee utasimama karibu na bendera, shukuru umetoka.

Sheria: huruhusiwi kuugusa mchanga kwa fimbo nyuma au mbele ya mpira, wala wakati wa kurudisha fimbo nyuma, wala kwa kupiga mapigo ya mazoezi ukiwa umegusa. Ukigusa ni mikwaju 2. Majani na vijiti unaruhusiwa kuvitoa tangu 2019, ila taratibu. Ukimaliza PIGA REKI. Hili nalisema kwa uchungu, hakuna kinachoudhi kama kukuta mpira wako umelala kwenye shimo la kiatu cha mtu aliyepita dakika kumi nyuma.

HATUA YA 6: Banka ya kwenye fewei

Kinyume kabisa cha ile. Hapa unapiga mpira kwanza, mchanga baadaye. Shika mpini chini kidogo, mwili usicheze, na chagua fimbo kwa kuangalia ukuta wa mbele wa banka kabla ya umbali. Kama aini 6 haiwezi kuvuka ukuta, piga weji utoke, basi.

HATUA YA 7: Nyasi za kikuyu

Ndio hizi za viwanja vingi vya nyanda za juu, asili yake ni hukuhuku kwetu. Kwenye fewei zinaubeba mpira vizuri sana mpaka unafurahi. Pembeni ya grini ndio kazi, nyuzi zake nene zinashika shingo ya fimbo na kuizungusha, na ukijaribu kuuviringisha mpira kupitia juu yake unakwama kama umegandishwa na gundi. Kwa hiyo kaza mkono wa kushoto kidogo, mpira uweke nyuma kidogo, shuka kwa ukali, na utue GRINI moja kwa moja.

Mwisho, chezeni mapema. Msimu wa mvua za Machi mpaka Mei, na zile za Oktoba mpaka Desemba, alasiri mawingu yanafunga ghafla. Ukisikia king'ora cha radi acha kucheza saa hiyohiyo, usikimbilie chini ya mti.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mimi ni mwanamke, mapigo yangu mafupi, draiva yadi 150 nikijitahidi. Shimo la paa 3 lenye bwawa lote mbele nafanyaje? Huwa naona aibu kupiga mfupi.

Jibu: Dada yangu usione aibu hata kidogo. Kwanza cheza tii za mbele, zimewekwa zitumike. Kama bado huvuki, muulize kedi kuna fewei pembeni ya bwawa? Piga hapo weji, halafu weji nyingine grini, pati mbili (za kusukuma mpira shimoni), umetoka na 4, yaani bogi, mkwaju mmoja juu ya paa. Wanaume wengi wenye misuli wanaondoka hapo na 6.

Swali: Mvua imenyesha usiku, banka imejaa maji na mpira wangu uko ndani ya dimbwi. Nalipa adhabu?

Jibu: Hapana kiongozi, hayo ni maji ya muda. Unapata nafuu bure ila lazima udondoshe NDANI ya banka hiyohiyo, sehemu isiyo na maji ambayo haiko karibu zaidi na shimo. Kama yote imejaa, dondosha pale maji ni machache kabisa. Ukitaka kutoka nje ya banka unaruhusiwa, kwa kurudi nyuma kwenye mstari, lakini hapo ni mkwaju mmoja. Na mchanga uliolowa ni mgumu, usifungue uso wa fimbo sana, itadunda ikupigishe mpira katikati.

Swali: Tumbili kachukua mpira wangu kwenye fewei mbele ya macho yetu, wenzangu wakasema umepotea nirudi tii. Ni sahihi?

Jibu: Walikosea. Mnyama akiusogeza au kuubeba mpira uliokuwa umesimama, unaurudisha pale ulipokuwa, au mpira mwingine, bila adhabu. Hujui pale hasa? Kadiria. Ila lazima iwe imeonekana au mna uhakika wa karibu kabisa. Kuhisi tu kwamba "labda tumbili" haitoshi.

Swali: Mpira uko ukingoni mwa bwawa, nusu unaonekana juu ya maji. Nipige au nidondoshe?

Jibu: Ukiwa nusu au zaidi uko juu ya maji na una pa kusimama, unaweza kujaribu, na siku hizi unaruhusiwa kugusa chini au maji kwa fimbo kabla ya kupiga. Ukiwa umezama wote, hata kama ni vidole viwili tu, dondosha. Maji yanaivunja kasi ya fimbo kuliko unavyodhani.

Swali: Mimi niko Arusha, nacheza Kili Golf, haya yote yanafaa huku?

Jibu: Yanafaa sana ndugu yangu, banka na sheria ni zilezile. Hatua ya 1 ndio upime upya, Kili Golf iko chini kuliko Nairobi, kwa hiyo usichukue namba zangu za Karen ukazibeba zilivyo. Nenda asubuhi moja na mipira kumi, piga aini 7 peke yake, pima kwa hatua, upate yako.

Swali: Kwa mgeni Karen mtu anaingiaje, na avae nini?

Jibu: Piga simu ofisi ya gofu mapema uulize siku za wageni na malipo, maana wikiendi wenyewe wanachama wanabanana. Ada ya uwanja na ya kedi ni vitu viwili, uliza zote. Shati lenye kola, suruali au kaptula ya heshima, jinzi hapana, viatu vya gofu vyenye meno laini. Simu weka bila sauti.