Mbwa anatetemeka ghafla wakati wa baridi: pima joto kabla ya kumfunika blanketi

Baridi ikianza, mbwa akijikunyata pembeni na kutetemeka, wengi wetu hukimbilia blanketi. Tatizo ni kwamba mbwa hatetemeki kwa baridi peke yake. Hutetemeka kwa homa, kwa maumivu, kwa sumu, kwa kushuka kwa sukari na kwa woga. Ukimfunika gubigubi mbwa mwenye homa ya nyuzi 40.5, unamzidishia. Ukimwacha mwenye nyuzi 35 ukisema kesho ataamka salama, unaweza kumkosa. Huwezi kuwatofautisha kwa kugusa pua wala masikio, maana pua ya mbwa hubadilika mara nyingi kwa siku, awe mzima au mgonjwa. Kinachotofautisha ni kipimajoto.

Kwa hiyo, kabla msimu haujaanza, weka mahali pamoja: kipimajoto cha dijitali ambacho ni cha mbwa tu, mafuta ya mgando, taulo kavu mbili tatu, blanketi, chupa za plastiki zenye vifuniko visivyovuja, asali, na namba ya daktari wa mifugo anayepokea simu usiku. Hiyo namba itafute leo. Saa nane za usiku si muda wa kuanza kuulizia.

Hatua ya 1: Mtazame kabla ya kumgusa

Hesabu mbavu zinavyopanda kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Mbwa aliyetulia hupumua mara 10 hadi 30 kwa dakika. Akizidi 40 huku amelala, kuna jambo.

Yako mambo ambayo ukiyaona unaacha somo hili na kuondoka kwenda kwa daktari: ameanguka na hainuki, anavuta pumzi kwa shida, degedege limepita dakika 5 au limejirudia siku hiyohiyo, au tumbo limevimba ghafla huku anajikamua kutapika na hakuna kinachotoka. Hilo la mwisho huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu. Tumbo hujaa gesi na kujipinda, na mbwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Hakuna dawa ya nyumbani.

Hatua ya 2: Angalia fizi

Inua mdomo wa juu. Fizi nzima ni ya waridi na ina unyevu. Bonyeza kwa kidole mpaka pageuke peupe, achia, na rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, damu haizunguki sawasawa. Fizi nyeupe, ya kijivu au ya bluu ni dharura. Mbwa mwenye fizi nyeusi za asili, mtazame upande wa ndani wa kope la chini.

Hatua ya 3: Pima joto

Mtu mmoja amshike mbwa akiwa amesimama, mkono mmoja chini ya tumbo ili asikae. Paka mafuta ncha ya kipimajoto, inua mkia taratibu, ingiza njia ya haja kubwa sentimita 2 hadi 3 (kwa mbwa mdogo, sentimita 1.5 zinatosha), kisha ielekeze kidogo pembeni iguse ukuta wa utumbo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: ncha ikizama katikati ya kinyesi hutoa namba ya chini kuliko ilivyo. Ukipata namba usiyoielewa, pima mara ya pili. Mbwa aliyetoka kukimbia au aliyepata wasiwasi mkubwa huonyesha joto la juu. Mwache atulie nusu saa.

Hatua ya 4: Soma namba

- 38.3 hadi 39.2: joto la kawaida. Mtetemeko una sababu nyingine.
- 39.5 na kuendelea: yawezekana ni homa. Usimfunike, mpe maji na sehemu isiyo na upepo. Ikifika 40, daktari siku hiyohiyo. Ikifika 41, daktari sasa hivi.
- 37.5 hadi 38.2: kama yu macho na anatembea, mkaushe, mweke ndani, pima tena baada ya dakika 15.
- Chini ya 37.5: anza kumpasha joto.
- Chini ya 35: mpashe huku mkiwa njiani kwenda kwa daktari.

Angalizo moja kubwa. Mbwa aliyepoa sana huacha kutetemeka. Akinyamaza, akilegea na kuzubaa, usiseme ametulia. Mwili umeishiwa nguvu ya kujitengenezea joto, na hali hiyo ni mbaya kuliko mtetemeko.

Hatua ya 5: Kumpasha joto

Anza kwa kumkausha. Manyoya makavu hushika hewa, na hewa hiyo ndiyo nguo yake. Yakilowa hubaki ni kitambaa chenye maji kilichomgandamana. Kandamiza taulo mpaka manyoya yasimame. Weka pia kitu chini yake, kwa kuwa sakafu hunyonya joto hata kama mgongo umefunikwa vizuri.

Jaza chupa maji ya vuguvugu, yanayovumilika ukiyaweka kwenye upande wa ndani wa kiganja cha mkono wako. Zungushia taulo kila chupa, kisha zipange kifuani, makwapani na kwenye kinena. Mbwa aliyepoa ana damu kidogo kwenye ngozi, haiwezi kuondoa joto mahali pamoja, hivyo huungua kwa chupa ambayo wewe unaiona ya kawaida tu. Na yeye hana nguvu ya kujisogeza. Chupa ikipoa iondoe, la sivyo itageuka kuvuta joto lake.

Usianze na miguu, na usiisugue. Mishipa ya miguuni ikifunguka kwanza, damu ya baridi hurudi moyoni kwa wingi, presha hushuka, na joto la ndani laweza kuteremka zaidi. Kiwiliwili kwanza. Usimtumbukize kwenye beseni la maji ya moto pia. Atatoka amelowa na mtarudi mlikoanzia.

Pima kila baada ya dakika 10 hadi 15. Ikifika 37.5 ondoa chupa, acha blanketi, maana joto litaendelea kupanda lenyewe. Chakula na maji ya kunywa vingoje mpaka awe macho, ashike kichwa chake na ameze vizuri. Ukimmiminia mdomoni akiwa amelegea, kitu kitaingia kwenye mapafu.

Hatua ya 6: Mpigie daktari ukiwa na maelezo

Uzito, umri, joto na saa ulilolipima, rangi ya fizi, pumzi kwa dakika, chanjo ya mwisho, alichokula, na kama ulimtoa kupe hivi karibuni. Homa ya kupe huchanganywa sana na baridi: mtetemeko, uchovu, fizi kupauka, pengine mkojo wa rangi ya kahawia. Picha ya matapishi au kinyesi husaidia kuliko maelezo marefu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, asante kwa somo. Wangu anatetemeka toka asubuhi ila nimepima 38.7. Niendelee kumfunika?

Joto lake ni zima, blanketi haitatibu. Tafuta maumivu. Mtembeze hatua chache: je, mgongo umepinda, anakataa kupanda ngazi, analia ukimwinua? Bonyeza tumbo kwa upole uone kama linakakamaa. Kama kuna udenda mwingi, kutapika, kuyumba au misuli kurukaruka, wazia sumu na usisubiri.

Nina parasetamoli na ibuprofeni nyumbani. Nusu kidonge si kitasaidia homa?

Hapana, ndugu. Ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo. Parasetamoli ikizidi huua ini na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Wapo madaktari wa mifugo wanaomwandikia mbwa parasetamoli, lakini kwa kipimo chao, baada ya kumchunguza. Pia, ukishampa, daktari anaweza kushindwa kumchoma sindano ya maumivu iliyo salama.

Usiku nikimwekea jiko la mkaa chumbani na mlango nimefunga, kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa, kwake na kwenu. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Ukikuta mbwa anayumba au amezimia kwenye chumba chenye jiko, toeni watu wote na mbwa nje kwanza, ndipo mtafute daktari. Fizi zinaweza kuwa nyekundu zikakudanganya kwamba yu mzima.

Watoto wa mbwa wa siku 3, mmoja amepoa na hanyonyi. Nimpe maziwa kwa bomba la sindano?

Usimpe kwanza. Wiki ya kwanza joto lao ni nyuzi 35 hadi 37, na hawajui kutetemeka. Akiwa chini ya 35 utumbo husimama. Maziwa yatachacha tumboni au yataingia mapafuni. Mpashe polepole kwa saa 1 hadi 3, ukimgeuza mara kwa mara, kisha mrudishe kwa mama yake. Akiwa amelegea, mpake asali kidogo sana ya kuchanganya na maji kwenye fizi. Sehemu wanayolala iwe nyuzi 29 hadi 32, na wawe na upande wa kukimbilia wakiona joto limezidi.

Anakohoa kama amekwamwa na mfupa, lakini anakula vizuri.

Mara nyingi ni kikohozi cha kuambukizana, ambacho hupamba moto mbwa wakifungiwa pamoja. Mtenge na wenzake, mwondolee kola, tumia mkanda wa kifuani. Joto likipita 39.5, au akiacha kula, au kamasi ikiwa nzito na ya njano, mpeleke. Inaweza kuwa imeshuka kwenye mapafu.

Alilamba kulanti (maji ya kupozea injini) iliyomwagika chini ya gari jana jioni. Aliyumba kama mlevi, usiku akapata nafuu. Bado nimpeleke?

Mpeleke sasa, usimalizie kusoma majibu mengine. Kama kulanti hiyo ina kemikali iitwayo ethilini glaikoli, nafuu unayoiona ni ya uongo: kuyumba hupita, halafu figo hufa kati ya saa 36 na 72. Dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 8 hadi 12 za mwanzo, na kwa mbwa mdogo vijiko vichache vinatosha kuua. Beba chupa ya kulanti yenyewe, mwambie daktari saa aliyolamba, na ukiweza chota mkojo wake wa kwanza kwenye kopo safi.