Jiko la kupanga Mji Mkongwe: fedha yako ianzie ukutani, na iwe chokaa

Nimetoka kumsaidia mdogo wangu kutengeneza jiko la nyumba aliyopanga Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Nilipofika nilimkuta keshanunua kopo kubwa la rangi ya mafuta. Nilimwambia alirudishe dukani kabla hajalifungua. Tulivyofanya ni hivi.

1. Zungumza na mwenye nyumba. Kupaka ndani wengi hawakatai. Kuvunja ukuta au kubadilisha dirisha ni jambo jingine: Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kazi kama hizo zinataka ruhusa ya Mamlaka inayosimamia Mji Mkongwe.

2. Toa vyombo, toa mtungi wa gesi, osha masizi kwa maji moto na sabuni.

3. Ukuta. Hapa nakuomba usiharakishe. Nyumba yangu ya kwanza ya kupanga, Mkunazini, nilipaka rangi ya mafuta mara mbili, na mara zote mbili ilifura malengelenge. Nilipoibandua ilitoka kama ganda la kitunguu, na nyuma yake kuna unga mweupe. Niliuonja kwa ncha ya ulimi: chumvi tupu. Kuta hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Zinafyonza maji kutoka chini, maji yanapanda na chumvi yake, kisha yanatafuta pa kutokea. Ukiziba kwa rangi ya mafuta au lipu ya saruji, yatatoka kwa nguvu na yatabandua kila ulichopaka. Chokaa inayaacha yapite.

Kwanza kwangua rangi yote ya zamani, kwa sababu chokaa haishiki juu ya mafuta. Sisi ilituchukua siku mbili. Ule unga wa chumvi ufagie kwa brashi kavu. Ukiuosha kwa maji unaurudisha ndani.

Nunua chokaa iliyokwisha zimwa, yaani iliyokwisha tiwa maji. Ile isiyozimwa huchemka ukiitia maji, usiichezee nyumbani. Koroga kwenye ndoo, ilaze usiku mzima, asubuhi ichuje kwa kipande cha kanga kuukuu. Iwe nyepesi kama maziwa. Wengi hutia chumvi ili ishike. Mimi sitii kabisa, ukuta wenyewe unayo ya kutosha. Vaa glavu na miwani. Ikikuingia jichoni, osha kwa maji mengi papo hapo, kisha nenda hospitali.

Rowesha ukuta kwa maji kidogo, halafu paka mkono (tabaka) mwembamba. Utaona kama hujapaka kitu, maana ikiwa mbichi chokaa haionekani. Mdogo wangu alitaka kuongeza palepale, nikamzuia. Asubuhi yake ukuta ulikuwa mweupe. Acha siku nzima baina ya mkono na mkono, na kila mara rowesha kwanza. Mitatu ndio kiasi cha chini. Sisi tulipaka minne. Pitisha kiganja: kikitoka na vumbi jeupe jingi, ulipaka nzito au ukuta ulikuwa mkavu mno. Na usianze kazi hii masika, haitakauka.

4. Nyuma ya jiko la gesi. Chokaa haipatani na mafuta ya kukaangia. Weka bati la alumini juu ya vipande viwili vya mbao, libaki na nafasi ya kidole kutoka ukutani. Ukihama unaondoka nalo.

5. Rafu. Usitoboe, jiwe la matumbawe linamumunyuka. Kama jiko lina vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, visafishe uweke viungo humo. Vyombo vingine viweke kwenye rafu ya kusimama.

6. Badilisha balbu.

Chokaa iliyobaki usiimwage. Iache na maji kidogo juu yake, ufunike ndoo vizuri, uiweke mbali na watoto. Mwakani ukuta utataka mkono mmoja tena, hasa kule chini karibu na sakafu.